Ukitaja bei, uwe tayari kulipa

Msomaji mmoja aliyehamia Mombasa kikazi kutoka Nakuru, na sasa anakaa Bamburi, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha hivi:

"Jumamosi niliingia Biashara Street kutafuta pea ya leso ya kumpelekea mama mkwe. Muuzaji akaniambia elfu moja na mia mbili. Marafiki walikuwa wamenionya kwamba Mombasa ukitajiwa bei, kata nusu, basi nikasema mia sita. Akajibu 'Haya, lete', wala hakubisha. Hapo hapo nikaona nimepigwa. Nikasema nitarudi, nikatoka. Alinifuata hadi mlangoni akinisema mbele za watu kuwa nimemchezea. Je, nilikosa? Ana haki ya kunilazimisha ninunue? Na bei ya kweli mji huu mtu huijuaje, maana jirani yangu hupata kila kitu kwa bei ya chini kuliko mimi, hata nyanya; au naongezewa kwa kuwa si mwenyeji? Tena, kumkata bei mtu anayetafuta riziki si dhambi?"

Dada yangu, pole kwa kusemwa mlangoni. Muuzaji anayejiheshimu angekunja leso zake akanyamaza. Hata hivyo ulikosa, na kosa lako si kukata bei. Kukata bei ni ruhusa na kunatarajiwa, na duka ambalo mteja analipa bei ya kwanza bila neno, mwenye duka humshangaa. Kosa lako ni kutaja bei ambayo hukuwa tayari kuilipa.

Sokoni kwetu maneno ya muuzaji na ya mnunuzi hayana uzito sawa. Yeye anaweza kusema elfu na mia mbili, kisha elfu, kisha mia tisa, kisha "haya wewe sema", na hakuna atakayemwita mwongo. Kila mtu anajua bei yake ya kwanza ni ya kufungulia mazungumzo. Mnunuzi naye anaweza kuuliza, kushika, kugeuza, kuguna, kucheka na kuondoka, yote bila lawama. Lakini akishatoa tarakimu kinywani mwake, tarakimu hiyo ni ahadi. Ndiyo maana wazoefu wa Marikiti huitaja mwisho kabisa, wengine hawaitaji hata kidogo.

Umeniuliza habari ya haki, basi tuitazame, maana mambo ni ya kupendeza kuliko unavyodhani. Kwa sheria ya Kenya hakuwa na njia ya kukulazimisha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mapatano ya kuuziana mali ya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani, ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au ametoa arubuni au sehemu ya malipo, au kuwe na maandishi. Wewe hukupokea leso, hukutoa hata shilingi, wala hamkuandikiana.

Ukienda kwa sharia ya Kiislamu, ambayo wauzaji wengi wa mtaa ule wanaifuata, pia unapata mlango. Mtume amepokewa akisema kwamba wawili wanaouziana wana hiari maadamu hawajatengana, na kwamba wakisema kweli na kubainisha kasoro, biashara yao hubarikiwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, wanaichukua hadithi hiyo kwa maana yake ya wazi: hata baada ya kusema nimeuza na nimenunua, kila mmoja ana ruhusa ya kurudi nyuma wakiwa bado wako kikaoni. Madhehebu mengine, kama ya Hanafi na Maliki, yanaona mapatano yakishatimia kwa maneno yamefungika. Wewe ulisema "nitarudi" ukiwa bado mbele ya meza.

Kwa hiyo sheria ya serikali inakuacha, na fikihi ya wengi hapa inakuacha. Kinachokukamata ni adabu ya soko, na adabu hiyo ni kali kuliko zote mbili. Ina sababu yake.

Fikiria alichotoa yule bwana aliposema "haya, lete". Katika Biashara Street maduka yamebanana, bidhaa ile ile imetundikwa hapa na mlango wa tatu, na wateja wamesimama bega kwa bega. Alipokubali mia sita, mama aliyekuwa pembeni akipekua leso nyingine amesikia. Aliyeko nje akisubiri amesikia. Kuanzia dakika ile hawezi tena kumwambia mmoja wao elfu moja na mia mbili. Amefunua siri yake ya siku, kwa ajili yako, akitegemea mia sita yako ifidie hasara hiyo. Wewe ukaondoka na siri, pesa ukabaki nazo. Hicho ndicho alichokuwa akikulilia mlangoni, ingawa alikosea kukilia kwa sauti.

Sasa hilo la kujiona umepigwa kwa sababu amekubali upesi. Nalijua sana, na wauzaji wanalijua pia. Wajanja kati yao hawakubali haraka hata bei ikiwa nzuri. Watakunja uso, watataja karo za watoto, watamwita mwenzao ng'ambo ya njia wamuulize "huyu ataka mia sita, nimpe?", ndipo wakupe. Unaondoka na furaha, na bei ni ile ile. Huyu wako alikuwa mkweli tu. Huenda ulikuwa mteja wa kwanza, na wengi hapa hawapendi mteja anayefungua duka aondoke mkono mtupu, wanaona siku nzima itakuwa nzito. Huenda kodi ilikuwa imefika. Huenda leso ile jina lake limeshapita msimu, wanawake wa mji wameshaivaa wakaichoka, na alitaka imtoke. Huenda pia mia sita ilikuwa juu kidogo ya bei yake ya mwisho, na amepata faida yake ya haki. Swali la kujiuliza lilikuwa moja: leso hii kwa mia sita, mama mkwe angefurahi nami ningeridhika? Kama jibu ni ndiyo, hukupigwa.

Hao marafiki waliokwambia "kata nusu" hawakukusaidia. Kanuni hiyo wauzaji wameisikia kabla yako. Ukiingia na lafudhi ya bara na macho yanayozunguka, wanaanzia mara mbili ili ukikata nusu ufike walipotaka ufike. Karibu na Fort Jesus, hasa meli ya watalii ikiwa imetia nanga Kilindini, wengine huanzia mara tatu au zaidi. Na kuna vitu ukikata nusu unamtukana mtu, maana hata ukimaliza faida yake yote hujafika robo.

Nafasi ya kukata inategemea bidhaa yenyewe. Kitu kinachofanana kila duka, chenye bei inayojulikana, hakina nafasi: sukari, unga, mafuta ya kupikia, mswaki. Leso iko katikati. Zinatoka kwa waagizaji wale wale, zinauzwa mlango kwa mlango, kwa hiyo ushindani umeshaibana bei kabla hujafika. Nguo za mitumba za soko la Kongowea nafasi yake ni kubwa, kwa sababu kila kipande kiko peke yake na beli ikishafunguliwa hakuna ajuaye kwa yakini kipande kimoja kimemgharimu ngapi. Kamera, yaani zile nguo za kuchaguliwa mwanzo, hazishuki. Subiri jioni zikishakuwa rundo la kutupa. Vinyago, viatu vya shanga na "vitu vya kale" vya mitaa ya Mji wa Kale, huko nafasi ni bahari, na bei ni ya kuongea kweli kweli.

Mafuta ya gari ni mfano wa upande wa pili: bei yake ya juu hutangazwa na mamlaka ya kawi, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi. Kwa hiyo dereva wa tuktuk anakuja kwako gharama yake ya mafuta ikiwa imeshapangwa, hana pa kuikata. Patana naye kabla hujapanda, na mkifika usimbadilishie.

Umeuliza bei ya kweli mtu huijuaje. Muuzaji ndiye wa mwisho kuulizwa. Pale Biashara Street kuna mafundi wenye cherehani wanaokata na kupinda leso, maana pea huuzwa ikiwa kipande kimoja kisichokatwa. Mpelekee fundi kazi ndogo, hata pazia la kupinda, na umuulize kwa adabu hizi za sasa watu wanazichukua ngapi. Leso za maduka yote zinapita mkononi mwake na waliozinunua wamesimama mbele yake wakisimuliana bei. Hana cha kukuuzia, kwa hiyo hana cha kukuficha. Njia nyingine ni kuuliza bei ya jumla: "Nikichukua pea sita, kila moja yaenda ngapi?" Atakachokutajia kiko karibu sana na bei yake ya mwisho. Pea moja utaipata juu kidogo ya hapo, na usinung'unike, rejareja haiwezi kuwa jumla.

Na usisahau kuijua mali yenyewe. Anayejua mali hukatiwa bei bila kuomba. Leso ya pamba igeuze upande wa ndani: rangi inatakiwa ionekane karibu sawa na upande wa nje. Lowesha kidole, sugua kwenye pindo. Ikichuja hapo hapo, utaijua sabuni ya kwanza itakavyoifanya. Ikunje kwa nguvu kiganjani kisha uiachie, ile yenye nailoni nyingi hujinyoosha yenyewe. Muuzaji akikuona unafanya hivyo bila kusema neno, bei imeshashuka kichwani mwake.

Kisha, kabla hujauliza bei, weka yako moyoni. Hili si ushauri wa wazee peke yao. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika juu ya jaribio ambapo watu walizungushiwa gurudumu lenye namba, lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu halihusiani na Umoja wa Mataifa kwa lolote. Hata hivyo jibu la kati la walioona 10 lilikuwa asilimia 25, na la walioona 65 likawa 45. Namba ya kwanza kusikika inashika akili hata ukiijua kuwa ya upuuzi. Elfu moja na mia mbili ya yule bwana ndiyo iliyokupa mia sita; angeanza na mia nane ungemwambia mia nne, na huenda mngeachana kwa mia tano na hamsini ukiwa na furaha.

Mazungumzo yenyewe yakiendeshwa vizuri huwa mafupi. Tuchukue dera, muuzaji ni mzee wa makamo, mnunuzi ni wewe:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Dera hili laenda ngapi?"

"Hilo mia tisa. Shika, si kitambaa cha kuteleza hicho."

"Zuri. Nami si mgeni, mzee, naishi hapa hapa. Niwekee bei ya mwenyeji."

"Basi toa mia nane."

"Nikichukua mawili?"

"Mawili... lete elfu na mia nne, uende."

Tazama: bei imetoka mia tisa hadi mia saba kwa kila moja, na hujataja hata senti. Sasa, ikiwa kweli unayataka mawili, ndipo useme.

"Elfu na mia tatu, nalipa sasa."

"Haitoki, mwanangu. Haijanirudishia hata mtaji."

Hapa watu wengi huharibu. Huanza kusema dera lina kasoro, au kwamba Kongowea wameliona kwa mia nne. Ukimponda mtu mali yake anajihami, na ukimwambia uongo wa Kongowea atakuambia uende ukalichukue huko. Nyamaza. Mrudishie dera mkononi, si juu ya rundo, mkononi mwake. Akilipokea na kulitundika, bei imefika chini na haina pa kwenda. Akilishika tu huku akikutazama, bado.

"Haya. Elfu na mia tatu hiyo. Mtandio je?"

"Mitandio iwe ndani, mzee wangu."

"Wewe mtoto utanifilisi. Lete."

Ukishafika "lete", mazungumzo yamekwisha. Usianze kuomba mfuko wa bure, usihesabu pesa ukisema zimepungua hamsini. Lipa, mwombee biashara njema, toka.

Kuondoka ni silaha halali kabla ya kutaja bei yako, au baada ya kukataliwa. Ila ukiondoka ukarudi, usidai kwamba bei aliyokupa mwanzo bado ni haki yako. Jambo hili mahakama ya Uingereza iliamua mwaka 1840, katika kesi ya Hyde na Wrench. Wrench alitoa shamba lake kwa pauni 1,000, Hyde akasema 950, akakataliwa, kisha Hyde akarudi akisema sawa, nalichukua kwa 1,000. Mahakama ikamwambia hakuna mapatano: alipotaja 950 aliiua ile 1,000. Msingi huo umo katika sheria ya mikataba tuliyoirithi. Kwenye leso hakuna atakayekushitaki, lakini kwenye kiwanja au gari la mkono wa pili linakuhusu moja kwa moja.

Jambo jingine la kutazama ni nani unaongea naye. Ukimkuta mwenye duka mwenyewe ameketi, ana uhuru wote. Ukimkuta kijana wa kuajiriwa, amepewa bei ya mwisho asubuhi na hawezi kuivuka. Utamwona anamtupia jicho bosi wake aliyeko kwenye meza ya pesa. Usimchoshe kijana, mwombe akakuulizie. Kwa kweli ndivyo bei za kubandikwa zilivyoshika mizizi. Maduka makubwa kama Le Bon Marché ya Paris, ambayo Aristide Boucicaut aliingia kama mshirika mwaka 1852, yalikuwa na wauzaji wengi wa mshahara, na hakuna tajiri anayeweza kumwachia kila kibarua apatane atakavyo na mali yake. Ikabandikwa bei, mjadala ukafungwa. Supamaketi za Nyali ni wajukuu wa mtindo huo. Biashara Street mwenye duka bado ameketi dukani, ndiyo maana bado mnaongea.

Umegusia pia, kwa upole, kwamba huenda unaongezewa kwa sababu si mwenyeji. Ndiyo, unaongezewa. Nisikufiche. Muuzaji anasikiliza salamu yako kabla ya swali lako, anatazama viatu, anatazama kama umekuja na gari. Si Mombasa peke yake. Mwaka 1995 Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha utafiti wa Chicago ambapo watu waliofundishwa maneno yale yale na mwendo ule ule walitumwa kwa wauza magari. Wanaume Wazungu walitajiwa bei za chini, wanawake na Wamarekani weusi wakatajiwa za juu, kwa gari la aina ile ile. Hili nalichukia, na huwaambia hivyo wafanyabiashara ninaowafundisha hesabu. Huwaambia pia kwamba mgeni wa leso moja leo ni mwenyeji wa harusi ya mwakani. Dawa kwa upande wako haina siri: usiharakishe, salimia kwa utulivu, na usiige lafudhi ya Mvita. Kuiga kunakuuza zaidi kuliko kusema Kinakuru chako.

Kuna na ujanja mmoja uujue. Wakati mwingine mtu atatokea pembeni, "Hilo nalichukua mimi kwa elfu!", na muuzaji atakuambia wahi. Akiwa mnunuzi wa kweli, adabu ilimtaka asubiri umalize. Akiwa rafiki wa muuzaji aliyepangwa, huo ni udanganyifu ulioharamishwa waziwazi katika hadithi. Mwachie tu achukue. Ukipita baada ya dakika kumi utalikuta limetundikwa.

Sasa jirani yako na nyanya zake.

Sikubali kwamba jirani yako anajua kukata bei. Nahisi hakati kabisa. Ana mama mmoja muuzaji pale sokoni anayemwuzia kila wiki, na huyo mama anamchagulia, anamwongeza, anamwambia "leo usichukue, ngoja Jumanne zitakuja nzuri". Mwanaanthropolojia Clifford Geertz, aliyelichunguza soko la mji wa Sefrou huko Moroko na kuandika juu yake mwaka 1978, aliona vivyo hivyo: sokoni kitu adimu ni habari, na watu huipata kwa kujifunga na muuzaji mmoja na kurudi kwake, wala si kwa kuzunguka meza zote. Wanapatana kwa ukali, ndiyo, lakini wanapatana na mtu wanayemjua.

Kwa mboga na matunda, mimi ningekwambia usiguse bei. Omba nyongeza. Nyanya zimepangwa mafungu, fungu ni hamsini. Usiseme "nipe kwa arubaini", sema "hamsini sawa, mama, niongeze". Atatia mbili, pengine tatu. Kwa nini anatoa nyanya asitoe shilingi? Kwa sababu akikubali arubaini, anayesubiri nyuma yako naye atataka arubaini, na bei imeanguka siku nzima. Nyanya mbili alizozitumbukiza kwenye mfuko wako hakuna aliyezihesabu. Tena nyanya ifikapo saa kumi na moja jioni, na jua hili la Mombasa, inamwozea mikononi, shilingi haiozi. Ndiyo maana jioni nyongeza huwa nono.

Ukitaka bei ya chini yenyewe, nenda Kongowea mapema, malori ya bara yakiwa yanashusha. Lakini huko utanunua kwa kreti au gunia. Changeni watu watatu wa ploti yenu, mgawane. Na tazama kipimo kabla ya bei: mkebe uliobonyezwa kitako, au kilo ya mizani inayoegemea ukuta, itakuibia zaidi ya utakachokata.

Hilo la dhambi nimeliacha nyuma makusudi, kwa sababu jibu lake linategemea hesabu, na hesabu ni hii. Tuseme mama amenunua mafungu 100 ya mchicha kwa shilingi 1,500. Anauza fungu 20. Kumi yananyauka. Yaliyobaki 90 yanampa 1,800. Toa mtaji, zimebaki 300. Toa 150 za tuktuk na 50 za ada ya soko, zimebaki 100, ndiyo kazi yake ya siku nzima juani. Sasa wateja kumi wakimng'ang'ania wapate kwa kumi na tano, zimeondoka 50. Mnampunguzia nusu ya siku, na kila mmoja wenu ameokoa shilingi tano. Kwa huyo, mimi naona ni aibu. Dhambi sijui, mimi si shehe, lakini aibu ni aibu. Pia mwenye karai la viazi na mwenye madafu, lipeni walichosema.

Mwenye duka lenye kiyoyozi na shehena bandarini, mkate mpaka mchoke nyote wawili. Yeye akikataa hapungukiwi chochote, na akikubali amekwisha piga hesabu zake. Kati ya hao wawili kuna watu wengi, na huko tumia macho. Mimi huacha kukata pale ninapoona kwamba kiasi kinachobaki ni kidogo kwangu na kikubwa kwake.

Lile duka la leso unaweza kurudi. Usirudi Jumamosi wala usiku wa siku kumi za mwisho za Ramadhani, kwani wakati huo mtaa wote hauongei bei. Nenda siku ya katikati ya wiki, adhuhuri ikishapita. Usilete habari za juzi, na usitafute leso ile ile kwa mia sita. Chukua nyingine, uliza, akikutajia ya haki mlipe. Akikukumbuka mcheke. Hawana kinyongo kirefu. Leo wanagombana na wateja, kesho wanawauliza watoto hawajambo.

Jambo la mwisho, hukuliuliza ila litakukuta. Mkishapatana bei ya taslimu kisha ukatoa simu, wengine watakuambia "tuma na ya kutoa". Shilingi zile ulizokata kwa dakika kumi zinarudi kwake kwa neno moja. Ukitaka kulipa kwa M-Pesa, sema mapema, kabla ya "lete", na uulize kama ana tili au unatuma kwenye namba yake. Akiwa na tili, bei ni ile mliyopatana. Akiwa na namba tu, ya kutoa iingizwe ndani ya bei mkiwa bado mnaongea.